Oksijeni tupu ndani ya vyombo vya kwanza vya wanaanga: ulikuwa uzembe au hesabu?

Msomaji wa Usiku ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Nimekuwa nikisoma habari za safari za mwanzo za binadamu angani, na kuna jambo moja ambalo kila nikilirudia hunikwama. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba moto hauwaki bila oksijeni, na wengi wetu tumewahi kumwona mwalimu akiingiza kijiti chenye kaa ndani ya chupa ya oksijeni na kijiti kikalipuka upya kwa mwali mkali. Inakuwaje basi kwamba wahandisi wa Marekani, watu walioweza kukokotoa njia ya chombo hadi Mwezini, waliamua kujaza oksijeni tupu katika chumba cha wanaanga cha Mercury, kisha cha Gemini, kisha cha Apollo, ilhali Wasovieti katika Vostok, Voskhod na Soyuz walitumia hewa ya kawaida yenye naitrojeni, tena kwa shinikizo lile lile tunaloishi nalo duniani?

Ninajua yaliyotokea tarehe 27 Januari 1967, ambapo Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifia ndani ya Apollo 1 huko Cape Kennedy, chombo kikiwa juu ya roketi ambayo hata mafuta haikuwa imejazwa. Ninachoshindwa kukielewa ni kilichofuata: Julai 1969, miaka miwili na nusu tu baada ya ajali ile, Neil Armstrong na wenzake walikwenda Mwezini na kurudi wakivuta oksijeni. Ikiwa oksijeni ndiyo iliyoua, mbona hawakuiacha? Na ikiwa si yenyewe iliyoua, ni nini?

Rafiki yangu mmoja anasema jibu ni fupi, kwamba zilikuwa mbio za Vita Baridi na watu walikata kona. Naliona jibu hilo jepesi mno, kwa sababu haraka inaweza kueleza kwa nini kazi ilifanywa vibaya, lakini haielezi kwa nini gesi hii ilichaguliwa badala ya ile. Naomba mwenye ujuzi anieleze bila kuruka hatua, hata kama maelezo yatakuwa marefu.

Fundi Mitungi amejibu:

Ndugu Msomaji, rafiki yako hajakosea kabisa, ila ameanza kuisimulia habari hii kutoka mwishoni.

Mimi si mhandisi wa anga. Nimeshughulika na mitungi ya gesi kwa miaka mingi, na jambo la kwanza analofundishwa mwanagenzi katika kazi yetu ni kwamba vali ya mtungi wa oksijeni haiguswi kwa mkono wenye grisi wala haipakwi mafuta, hata ikiwa ngumu namna gani. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini vitu ambavyo katika hewa ya kawaida huungua kwa kusuasua hugeuka kuni kavu vikiwa ndani yake. Kwa hiyo nami nilipoanza kusoma habari za Mercury nilishtuka kama ulivyoshtuka wewe, mpaka nilipokaa na kuzitazama namba.

Hewa tunayovuta usawa wa bahari ina shinikizo la kilopaskali 101 hivi, na katika hizo, 21 tu ndizo za oksijeni, huku karibu zote zilizobaki zikiwa za naitrojeni. Mapafu yanahitaji zile 21. Naitrojeni tunaivuta na kuitoa kama ilivyoingia, mithili ya abiria asiyelipa nauli. Sasa jiweke katika nafasi ya mhandisi anayepigania kila kilo ya uzito, kwa sababu roketi aliyonayo ni dhaifu: jambo la kwanza litakalomjia ni kumteremsha abiria huyo. Ukimwondoa, mwili unaweza kuishi vizuri katika oksijeni tupu yenye shinikizo la kilopaskali 34 hivi, na ndicho kiwango kilichotumika angani katika Mercury, Gemini na Apollo. Theluthi moja ya shinikizo la kawaida maana yake ni kuta nyepesi zaidi, gesi kidogo zaidi inayovuja kupitia kila kiungo, mtungi wa aina moja badala ya miwili, na mfumo mmoja wa vali.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo iliyonishawishi kuliko uzito. Katika chumba chenye gesi moja, kipimo cha kawaida cha shinikizo kinatosha kukueleza kama kuna oksijeni ya kutosha. Katika chumba chenye gesi mbili kipimo hicho kinaweza kukudanganya, kwa sababu shinikizo linaweza kusomeka sawasawa kabisa wakati oksijeni imepungua na naitrojeni imechukua nafasi yake. Inakubidi uwe na kifaa kinachopima oksijeni peke yake, na vifaa vya namna hiyo vilivyokuwapo mwishoni mwa miaka ya 1950 havikuwa vya kukabidhiwa roho ya mtu. Kibaya zaidi ni kwamba mtu anayekosa oksijeni hajisikii kukabwa. Hisia ya kukabwa huletwa na hewa ya ukaa ikirundikana mwilini, si na upungufu wa oksijeni wenyewe. Atajisikia vizuri, pengine hata achangamke, kisha azimie. Jambo hili halikuwa la vitabuni tu: mwaka 1960 rubani mmoja wa majaribio alipoteza fahamu wakati mfumo wa Mercury ukijaribiwa, baada ya naitrojeni kupenya na kuingia katika mzunguko wa gesi ya vazi lake. Aliokolewa, lakini waliokuwapo hawakusahau, na hofu ya naitrojeni ikawa kubwa kuliko hofu ya moto.

Hapo ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hapo ndipo hesabu iliyokuwa nzuri iligeuka. Kilopaskali 34 ni shinikizo la angani, ambako nje ya ukuta hakuna kitu. Chombo kikiwa bado kimesimama kwenye jukwaa la kurushia, nje yake kuna hewa ya kilopaskali 101 inayokisukuma kutoka kila upande, na ukuta uliojengwa kuhimili msukumo wa kutoka ndani haukujengwa kubanwa kutoka nje namna hiyo. Kwa hiyo duniani chumba ni lazima kijazwe kitu mpaka kilingane na hewa ya nje. Walijaza nini? Walijaza ile ile oksijeni, tena wakaipandisha kidogo juu ya shinikizo la nje ili hewa isipate mwanya wa kuingia na ili uvujaji uonekane. Siku ya ajali chumba cha Apollo 1 kilikuwa na oksijeni tupu ya kilopaskali 115 hivi.

Linganisha. Angani, oksijeni ya kilopaskali 34 ni mara moja na nusu na kidogo ya ile tunayovuta hapa chini. Jukwaani, kilopaskali 115 ni zaidi ya mara tano. Halafu hakuna naitrojeni, ambayo katika moto wa kawaida hutufanyia hisani kubwa kwa kunyonya sehemu ya joto na kuupoza mwali. Watu husema kwamba Apollo ilitumia oksijeni tupu kana kwamba ni jambo moja, kumbe ni mambo mawili yenye jina moja, na moja kati yake lilikuwa la hatari kuliko kitu chochote ambacho ningekubali kukaa nacho katika chumba kilichofungwa.

Wala Apollo haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Mercury iliruka na watu mara 6 kati ya 1961 na 1963, Gemini mara 10 mwaka 1965 na 1966, na utaratibu wa jukwaani ulikuwa huo huo. Safari 16 bila moto chumbani. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na sidhani kama kuna mahali msemo huo ulipotimia kwa uchungu kuliko hapa, kwa sababu jaribio la siku ile halikuwekwa hata katika orodha ya majaribio ya hatari. Hatari kwao ilikuwa mafuta ya roketi, na roketi haikuwa na mafuta.

Mzamiaji amejibu:

Namshukuru Fundi Mitungi kwa maelezo yake, nami sina la kupinga katika hesabu zake, ila ameacha upande mmoja ambao kwa sisi wenye uzoefu wa kupiga mbizi ndio wa kwanza kuonekana. Naitrojeni si abiria asiye na madhara. Kadiri shinikizo linavyokuwa kubwa ndivyo inavyoyeyuka zaidi katika damu na mafuta ya mwili, na shinikizo likishuka ghafla hutoka kwa viputo, kama soda inavyofanya ukifungua kizibo. Viputo hivyo vikikaa kwenye maungio huleta maumivu makali, na vikifika kwenye uti wa mgongo au ubongo vinaweza kulemaza au kuua.

Mwanaanga hukutana na hali hiyo kila anapohama kutoka shinikizo kubwa kwenda dogo. Vazi la anga la Apollo lilifanya kazi kwa kilopaskali 26 hivi, kwa sababu vazi lililojazwa zaidi ya hapo hukakamaa kama mpira uliopulizwa, na mtu hawezi kukunja vidole wala magoti. Ukiwa umekaa katika hewa ya kilopaskali 101 yenye naitrojeni, huwezi kuvaa vazi hilo na kutoka nje hivi hivi. Unapaswa kwanza kuvuta oksijeni tupu kwa muda mrefu mpaka naitrojeni iliyomo mwilini iishe. Wanaanga wa Marekani walifanya hivyo kwa saa kama tatu kabla ya kuruka, na baada ya hapo chumba chao kilikuwa na oksijeni tupu, kwa hiyo hawakuwa na naitrojeni ya kuogopa. Hata ukuta ukitoboka ghafla na vazi likabaki kuwa kinga ya pekee, mwili ulikuwa umekwisha kujiandaa.

Kuhusu Wasovieti, nadhani tusiwape sifa ya busara wasiyoistahili wala tusiwanyime wanayostahili. Waliweza kubeba hewa ya kawaida kwa sababu roketi yao ilikuwa na nguvu: Vostok ilikuwa na uzito wa tani 4.7 hivi, wakati Mercury haikufika tani moja na nusu. Mwenye gari kubwa haulizi abiria ni wangapi. Lakini hewa hiyo iliwagharimu mahali pengine. Tarehe 18 Machi 1965, Alexei Leonov alipotoka nje ya Voskhod 2, akiwa mtu wa kwanza kutembea katika anga za juu, vazi lake lilitutumka kiasi kwamba hakuweza kurudi katika kijia alichotokea, na akalazimika kupunguza shinikizo la vazi huku akijua kwamba viputo vya naitrojeni vingeweza kumwua. Kisha, baada ya yeye kurudi ndani, mlango haukuziba vizuri, na mfumo wa kujiendesha ukawa unafidia uvujaji kwa kumwaga oksijeni chumbani. Kiwango cha oksijeni kikapanda hadi yeye na Pavel Belyayev wakaogopa kwamba cheche moja tu ingewateketeza. Kwa maneno mengine, chombo kilichosanifiwa kwa hewa ya kawaida kilijikuta, bila kupenda, katika hatari ile ile ya Wamarekani, kikiwa hakijajengwa kwa ajili yake.

Mdadisi amejibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, na ingawa nakubali kwamba uchaguzi wa gesi ulikuwa na hoja, nina wasiwasi kwamba tunaelekea kuwasamehe wahusika upesi kuliko inavyofaa. Fundi anasema hofu ya naitrojeni ilikuwa kubwa kuliko ya moto. Sawa, lakini moto nao ulikuwa umekwisha kubisha hodi.

Mwaka 1962 peke yake kulikuwa na moto mara mbili katika vyumba vya majaribio vya Marekani vilivyojazwa oksijeni tupu ya kilopaskali 34, yaani kile kiwango tunachokiita cha usalama. Mmoja ulitokea Septemba katika kituo cha Jeshi la Anga cha Brooks huko Texas, na watu wawili waliokuwamo wakatolewa wakiwa wameathiriwa na moshi. Mwingine ulitokea Novemba katika maabara ya Jeshi la Majini huko Philadelphia, baada ya balbu kubadilishwa, na watu wanne wakatoka na majeraha ya moto. Kwa hiyo hata lile jambo la kwanza kati ya mambo mawili ya Fundi halikuwa salama kama linavyosikika. Halafu Septemba 1966, miezi minne kabla ya ajali, Hilliard Paige wa kampuni ya General Electric alimwandikia Joseph Shea, aliyekuwa akisimamia mradi wa chombo cha Apollo, akimtahadharisha waziwazi juu ya hatari ya moto chumbani. Barua ipo katika kumbukumbu. Huwezi kusema hawakuambiwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na msiba wake. Tarehe 23 Machi 1961, siku 20 kabla ya safari ya Yuri Gagarin, kijana wa miaka 24 aitwaye Valentin Bondarenko, mmoja wa kundi la kwanza la wanaanga wa Kisovieti, alikuwa katika jaribio la kukaa peke yake ndani ya chumba chenye shinikizo dogo na oksijeni nyingi mjini Moscow. Alijifuta kwa pamba yenye spiriti mahali palipokuwa pamebandikwa vipimo mwilini, akaitupa pamba, ikaangukia jiko la umeme. Mlango haukuweza kufunguliwa mpaka shinikizo lisawazishwe, na alipotolewa alikuwa ameungua kupita kiasi. Alikufa baada ya saa chache. Habari hiyo ilifichwa hadi mwaka 1986.

Wapo wanaodai kwamba lau Wasovieti wangeitangaza, wanaanga wa Apollo 1 wangepona. Mimi sikubaliani nao. Mtu ambaye moto wa nyumbani kwake haukumzindua, moto wa jirani ungemzindua vipi?

Msomaji wa Usiku ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimeelewa sasa kwamba nilikuwa nikiuliza swali moja juu ya mambo mawili. Yamebaki mawili madogo. La kwanza ni mlango: watu watatu wenye nguvu, waliozoea mashine, na nje kulikuwa na mafundi, iweje mlango usifunguke? La pili ni lile nililoanza nalo, kwamba baada ya yote hayo bado walikwenda Mwezini na oksijeni tupu. Je, walibadilisha nini hasa, ikiwa gesi ilibaki ile ile?

Fundi Mitungi amejibu:

Kabla ya mlango, namjibu Mdadisi kwa ufupi: nakubali. Nilieleza kwa nini gesi ilichaguliwa; sikusema kwamba waliochagua walifanya yote yaliyowapasa baada ya hapo.

Sasa mlango. Apollo 1 ilikuwa na mlango wa tabaka tatu, na wa ndani kabisa ulifunguka kwa kuingia ndani, ukikaa kwenye fremu yake kama kizibo cha chupa kinachosukumwa kutoka ndani ya chupa. Angani ubunifu huo ni mzuri mno, kwa kuwa shinikizo la chumba lenyewe ndilo linaloukaza mlango, na hakuna mtu anayeweza kuufungua kwa bahati mbaya. Ikumbukwe kwamba Julai 1961 mlango wa chombo cha Mercury cha Grissom huyo huyo ulifyatuka baharini kabla ya wakati, chombo kikazama, naye akanusurika kuzama. Baada ya tukio kama hilo, mlango unaokataa kufunguka unaonekana kuwa rafiki.

Lakini moto ndani ya chumba kilichofungwa hupandisha shinikizo. Wanaanga waliingia chomboni saa 7 mchana, na saa 12 na dakika 31 jioni ndipo sauti ilisikika redioni ikitaja moto, maana yake kila nyuzi na kila sponji ilikuwa imelowa oksijeni kwa zaidi ya saa tano. Katika muda wa sekunde 15 hivi shinikizo lilifika karibu kilopaskali 200 na ukuta wa chumba ukapasuka. Fikiria mlango wa upana wa nusu meta au zaidi, unaofungukia ndani, ukisukumwa nje na tofauti ya kilopaskali 100: ni uzito wa tani kadhaa. White alikuwa na kazi ya kuufungua, na angekuwa na nguvu za watu kumi asingeweza kuuvuta. Hata bila moto, kutoka kulihitaji dakika moja na nusu ikiwa kila kitu kingekwenda vizuri. Mafundi waliokuwa nje, katika moshi na joto, walichukua dakika kama tano kufungua tabaka zote. Kilichowaua wale watatu hasa si kuungua bali ni gesi ya sumu ya moshi, monoksidi ya kaboni, iliyoingia baada ya mavazi na mipira ya kupitishia hewa kuungua.

Chanzo cha cheche hakikupatikana kwa uhakika. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Floyd Thompson ilitoa ripoti Aprili 1967, na ikaona kwamba uwezekano mkubwa ni nyaya za umeme, upande wa chini kushoto karibu na kiti cha Grissom, ambako palipita pia mabomba ya kipoozeo chenye glaikoli inayoweza kuwaka. Binafsi naona kwamba kuitafuta cheche ile moja si muhimu sana. Chombo chenye nyaya nyingi namna ile kitatoa cheche siku moja. Lililo muhimu ni cheche hiyo itakutana na nini. Chumba kile kilikuwa kimejaa nyavu za nailoni za kuzuia vitu visielee, sponji, na velkro iliyobandikwa kila mahali kwa sababu wanaanga waliipenda.

Hapo ndipo walipogusa. Mlango ukawa mmoja, ukafungukia nje, na mtu aliweza kuufungua kwa sekunde chache. Nailoni iliondolewa, na tabaka la nje la mavazi likashonwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon. Mabomba ya alumini yaliyokuwa hatarini yakabadilishwa kuwa ya chuma kisichoshika kutu, nyaya zikafunikwa zisikanyagwe. Kisha wakatengeneza chumba cha mfano na kukiwasha moto makusudi, mara nyingi, kwa michanganyiko mbalimbali ya gesi, ili waone moto unazimika wapi na unasambaa wapi. Kazi ambayo, nasikitika kusema, ingeweza kufanywa kabla ya mazishi.

Na gesi yenyewe haikubaki ile ile kabisa, Ndugu Msomaji. Jukwaani chumba kilijazwa mchanganyiko wa oksijeni 60 na naitrojeni 40 kwa kila 100, huku wanaanga wakiwa ndani ya mavazi yaliyofungwa wakivuta oksijeni tupu ili miili yao isipate naitrojeni. Roketi ilipokuwa ikipanda, chumba kiliachwa kitoe gesi mpaka kishuke kilopaskali 34, na baada ya hapo kila kilichovuja kilifidiwa kwa oksijeni, hivyo naitrojeni ikapungua yenyewe kadiri saa zilivyopita. Apollo 7 iliruka kwa utaratibu huo Oktoba 1968. Hawakuiacha oksijeni tupu kwa sababu sababu za kuichagua zilikuwa bado zipo pale pale: chombo cha kutua Mwezini kilikuwa na kuta ambazo mahali pengine hazikufika unene wa nusu milimita, hakikuwa na chumba cha kati cha kutokea, na kila walipotaka kushuka ilibidi wamwage gesi yote ya ndani. Waliacha tu kuitumia mahali ilipokuwa haina utetezi.

Niongeze jambo moja la kazini kwetu. Teflon husifiwa kuwa haishiki moto, na katika hewa ya kawaida ni kweli kwa kiasi kikubwa. Aprili 1970, ndani ya tangi la oksijeni la Apollo 13, ni Teflon hiyo hiyo ya kufunikia nyaya iliyowaka, baada ya kuharibiwa na joto kupita kiasi katika matayarisho ya ardhini. Katika oksijeni yenye shinikizo kubwa neno «haishiki moto» halina maana mpaka useme ni katika shinikizo gani.

Mzamiaji amejibu:

Nyongeza kwa Ndugu Msomaji, kwa kuwa huenda akauliza ilikuwaje baadaye. Kituo cha Skylab, mwaka 1973 na 1974, kilibaki na kilopaskali 34 lakini naitrojeni ikaongezwa kwa ajili ya wanaanga kukaa miezi, kwa hiyo oksijeni ikawa sehemu kama 70 kwa 100. Julai 1975 Apollo na Soyuz zilipokutana angani, ilibidi kuwe na chumba cha kati cha kubadilishia gesi, na Wasovieti wakakubali kushusha shinikizo la Soyuz hadi karibu theluthi mbili ya kawaida ili watu wavuke bila kungoja saa nyingi. Vyombo vya Marekani vya kurukia mara nyingi, na kituo cha kimataifa cha sasa, vilifuata hewa ya kawaida ya kilopaskali 101.

Moto haukutoweka pamoja na oksijeni tupu. Februari 1997 katika kituo cha Mir, chenye hewa ya kawaida, kifaa cha kuzalisha oksijeni kwa kemikali kiliwaka na kutema mwali, kukiwa na watu sita ndani, na moshi ukawafanya wavae vinyago vya kupumulia. Chumba chako kinaweza kuwa na hewa salama, lakini ile oksijeni ya kukijaza lazima ihifadhiwe mahali.

Sasa kwa safari za kurudi Mwezini wanazungumzia mchanganyiko wa kati: shinikizo la kilopaskali 56 hivi, oksijeni 34 kwa 100. Faida yake ni ile niliyoieleza, kwamba muda wa kungoja kabla ya kuvaa vazi na kutoka nje unapungua kutoka saa nyingi hadi muda mfupi. Gharama yake Fundi ataitambua mara moja: kila kitambaa, kila gundi na kila kifuniko cha waya kilichopasishwa kwa hewa ya kawaida kinapaswa kupelekwa tena maabara na kuwashwa moto upya katika mchanganyiko huo.